Ashwagandha na tezi za adrenali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya dirishani famasi na kwenye simu, kutoka kwa watu wenye shida inayofanana. Wamechoka, usingizi hauji, na mahali fulani wamesoma kwamba tezi zao za adrenali "zimechoka" na ashwagandha itaziamsha. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya wenye hali za pekee. Kama tayari unaitumia na una haraka, anza na sehemu ya usalama.

## Mambo ya msingi

Ashwagandha ni nini?

Ni kichaka kidogo, *Withania somnifera* kwa jina la kisayansi, cha ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, mnavu na tumbaku. Kinachotumika kama dawa ni mzizi. Katika tiba ya Ayurveda ya India, mzizi huu umetumika kwa karne nyingi kuwarudishia nguvu wazee, waliokonda na wanaotoka kwenye maradhi marefu. Kilimo chake cha biashara kiko hasa katika majimbo ya Madhya Pradesh na Rajasthan.

Kemikali zinazotajwa sana ndani yake zinaitwa withanolidi. Lishike neno hilo, utalihitaji unaposoma lebo.

Tezi za adrenali ziko wapi, na kazi yake ni nini?

Ziko mbili, kila moja juu ya figo moja, na uzito wake ni gramu 4 hadi 5 hivi. Sehemu ya nje hutengeneza kortisoli, homoni kuu ya msongo, aldosteroni inayolinda chumvi na presha, na homoni iitwayo DHEA. Sehemu ya ndani hutoa adrenalini, ile inayokufanya moyo udunde ukikoswakoswa na bodaboda.

Tezi hizi hazijiamulii. Haipothalamasi, iliyo ndani ya ubongo, huituma tezi ya pituitari. Pituitari hutoa homoni ya ACTH, na ACTH ndiyo inayoziamuru adrenali kutoa kortisoli. Kortisoli ikitosha, ubongo hupunguza amri. Kwa mtu anayelala usiku, kortisoli hufika kileleni muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka hadi kuwa chini kabisa karibu na saa sita usiku.

Wanaposema mmea ni "adaptojeni" wanamaanisha nini?

Ni wazo lililoanzia Umoja wa Kisovyeti. Nikolai Lazarev alilitoa mwaka 1947, akitafuta vitu vya kuusaidia mwili kustahimili shida za kila aina. Mwaka 1969 Israel Brekhman na mwenzake Dardymov wakaandika masharti yake: kitu hicho kisiwe na madhara makubwa, kiongeze ustahimilivu kwa ujumla, na kiurudishe mwili katika hali ya kawaida iwe umepanda au umeshuka. Wao walishughulika zaidi na jinsengi na jamaa zake. Ashwagandha iliingizwa kwenye kundi hilo baadaye.

Sharti la mwisho ndilo linalonipa shida. Dawa inayopandisha kilichoshuka na kushusha kilichopanda, bila kujali, ni dai ambalo huwezi kulikanusha kwa kipimo chochote. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ililitazama wazo hili mwaka 2008 ikasema halijathibitishwa vya kutosha kutumika kama istilahi ya kitabibu. Hiyo haina maana kwamba mimea yenyewe haifanyi chochote. Ila neno "adaptojeni" kwenye kopo halikuambii kama dawa imefanya kazi kwa watu wenye shida yako.

Je, "uchovu wa adrenali" ni ugonjwa wa kweli?

Uchovu wako ni wa kweli. Maelezo hayo ndiyo yasiyosimama.

Dhana hii ilienezwa na Mmarekani James Wilson kuanzia mwaka 1998: kwamba msongo wa muda mrefu huzichosha adrenali hadi zishindwe kutoa kortisoli ya kutosha. Mwaka 2016 Cadegiani na Kater wa Brazil walipitia tafiti 58 zilizochunguza uhusiano wa uchovu na kortisoli. Matokeo yalipingana, vipimo vingi havikufaa, na hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna uthibitisho wa hali hiyo.

Ukitazama jinsi tezi zinavyoamrishwa, unaona kwa nini. Mtu mwenye msongo ubongo wake unaendelea kutuma ACTH, na adrenali zenye afya zinaendelea kuitika. Zinaposhindwa kweli huwa zimeharibiwa au zimezimwa, na hayo ni magonjwa yenye majina, vipimo na matibabu. Tazama swali la "Nitajuaje kama adrenali zangu ni wagonjwa kweli?".

Anayekuambia una "uchovu wa adrenali" kwa kukuuliza maswali kumi mtandaoni, kisha akakuuzia kopo papo hapo, anaweza kukufanya usipime upungufu wa damu, kisukari, tezi ya thairoidi, VVU, kifua kikuu, ujauzito au sonona. Hivyo ndivyo vinavyowachosha watu, na vingi vina tiba.

## Ushahidi ulivyo

Kuna majaribio kwa binadamu yanayoonyesha inashusha kortisoli?

Yapo. Linalotajwa sana lilifanyika Hyderabad, India, likachapishwa mwaka 2012. Watu wazima 64 wenye msongo sugu waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa miligramu 300 za mzizi uliokolezwa mara mbili kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa, kwa siku 60. Kortisoli ya damu ilishuka kwa asilimia 27.9 kwa waliotumia ashwagandha na asilimia 7.9 kwa wenzao. Alama za msongo zilishuka kwa asilimia 44 dhidi ya 5.5.

Jaribio jingine la watu 60, lililochapishwa mwaka 2019, lilitumia miligramu 240 za aina iliyokolezwa zaidi, mara moja kwa siku, pia kwa siku 60. Kortisoli ya asubuhi ilishuka kwa asilimia 23 hivi na wasiwasi ukapungua. Yako mengine madogo yanayoelekea upande huohuo. Kwa hiyo nikiulizwa kama inashusha kortisoli, jibu langu ni ndiyo, kwa kiasi, kwa watu wenye msongo, ndani ya miezi miwili.

Kortisoli ikishuka, si ndiyo tezi zimepona?

Hapana, na hapa ndipo tangazo linapojipinga lenyewe. Hadithi ya "uchovu wa adrenali" inasema tezi zako zinatoa kortisoli *kidogo mno*. Majaribio yanaonyesha ashwagandha *inashusha* kortisoli. Kama hadithi ingekuwa kweli, mmea huu ungekuongezea ugonjwa.

Washiriki wa majaribio yale hawakuwa na ugonjwa wowote wa adrenali. Walikuwa watu wenye msongo na tezi nzima. Inaelekea mmea unatuliza ubongo, amri ya ACTH inapungua, na tezi zinatoa kidogo zaidi. Hilo ni jambo la msongo, na linaweza kuwa jambo jema. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba ashwagandha imeponya adrenali iliyoharibika au imeamsha iliyolala.

Mbona nasoma kwamba inaongeza DHEA na kwingine inapunguza?

Kwa sababu zote mbili zimeripotiwa. Katika jaribio la watu 60 nililolitaja, DHEA iliyo kwenye damu ilishuka pamoja na kortisoli. Mwaka huohuo wa 2019 mtafiti yuleyule mkuu, Adrian Lopresti wa Australia, alichapisha jaribio la wanaume wanene wa miaka 40 hadi 70. Humo DHEA ilikuwa juu kwa asilimia 18 na testosteroni kwa asilimia 14.7 kuliko walipotumia vidonge visivyo na dawa. Kortisoli haikutofautiana, wala uchovu waliousema wenyewe.

Makundi ni tofauti, aina ya dawa ni tofauti kidogo, na idadi ya watu ni ndogo. Wauzaji huchukua nusu inayowafaa: kwa mteja wa kiume wanataja testosteroni, kwa mwenye msongo wanataja kortisoli. Ukitaka kuutumia ushahidi kwa haki, ichukue karatasi yote, pamoja na ule mstari wa uchovu usiopungua.

Majaribio haya yanaaminika kiasi gani?

Uchambuzi wa mwaka 2022 ulikusanya majaribio 12 yenye watu 1,002. Kwa jumla msongo na wasiwasi vilipungua, lakini waandishi wenyewe waliupa uhakika wa ushahidi daraja la chini.

Sababu si ngumu kuziona. Majaribio mengi yana watu kati ya 50 na 100, yanaisha ndani ya wiki 8 hadi 12, na mara nyingi kampuni inayotengeneza dawa ndiyo iliyoyagharamia au kutoa dawa yenyewe. Kampuni kugharamia si kosa, dawa za hospitali nazo hupimwa hivyo. Tofauti ni kwamba dawa ya hospitali haisajiliwi kwa jaribio la watu 64. Kuna pia harufu: unga wa mzizi huu una harufu nzito isiyojificha, kwa hiyo mshiriki anaweza kuhisi kundi alilomo kama kapsuli haikutengenezwa kwa uangalifu.

Na zile tafiti za panya?

Zipo nyingi na zina maelezo ya kuvutia. Katika mojawapo ya mwaka 2003, panya walipigwa shoti hafifu za miguu kila siku kwa siku 21, kwa nyakati wasizoweza kuzitabiri. Waliopewa ashwagandha hawakuathirika sana kama wenzao, katika sukari, kortikosteroni (kortisoli ya panya) na vidonda vya tumbo. Inatuonyesha njia inayowezekana. Haimwambii mama wa Tandika ameze kiasi gani.

Kwa hiyo inasaidia nini hasa?

Nikipanga kwa uzito wa ushahidi: kwanza msongo na wasiwasi. Mwaka 2022 jopo la kimataifa la wataalamu wa magonjwa ya akili liliikubali kwa tahadhari, kwa miligramu 300 hadi 600 za mzizi uliokolezwa kwa siku, kwa wenye wasiwasi wa kudumu. Pili usingizi: uchambuzi wa majaribio matano yenye watu 400, wa mwaka 2021, ulipata nafuu ndogo, ikionekana zaidi kwa wenye tatizo la kukosa usingizi. Kwa afya ya adrenali kama adrenali, sijauona ushahidi wa kuandika hata kwenye kipande cha karatasi.

Imetumika maelfu ya miaka. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi wa aina yake, na siudharau. Unatuambia mmea hauui watu wengi haraka, na kwamba watu waliona kitu wakaendelea kuutumia. Ni sababu nzuri ya kuupima. Lakini waganga wa kale hawakuutoa kwa ajili ya adrenali, kwa kuwa tezi hizo hazikuwa sehemu ya elimu yao. Waliutoa kwa udhaifu na usingizi, mara nyingi pamoja na maziwa na samli, kwa mtu waliyemtazama wenyewe na kumfuatilia. Kapsuli iliyokolezwa, inayomezwa kwa miezi na mtu asiyeonwa na yeyote, ni matumizi mapya.

## Kununua na kutumia

Lebo inasema miligramu 500. Nyingine inasema 300. Ipi kali?

Huwezi kujua kwa namba hiyo peke yake. Tafuta asilimia ya withanolidi. Chukua mfano wa majaribio yenyewe: miligramu 600 za mzizi uliokolezwa hadi asilimia 5 zina withanolidi miligramu 30. Miligramu 240 za aina ya asilimia 35 zina miligramu 84. Yenye namba ndogo ina karibu mara tatu. Na kama kopo linasema "unga wa mzizi" tu bila asilimia, basi ni mzizi uliosagwa, na hizo miligramu 500 ni kidogo sana.

Tazama pia kama ni mzizi peke yake au mzizi na majani. Majani yana withaferini A nyingi zaidi, kemikali yenye nguvu ya kuua seli, na mwaka 2021 wizara ya tiba asili ya India, AYUSH, iliwashauri watengenezaji wasitumie majani.

Unga wa kukoroga kwenye maziwa je?

Ndiyo matumizi ya asili. Kiwango cha jadi kwenye kitabu rasmi cha dawa za Ayurveda ni gramu 3 hadi 6 za unga kwa siku. Ukinunua unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na jina, huna njia ya kujua kama ni mzizi huo, ni wa mwaka gani, au umechanganywa na nini.

Mmea huu unaota kwetu pia. Nichimbe mwenyewe?

Ni kweli unaota. *Withania somnifera* imeenea porini kuanzia nchi za Mediterania, Afrika hadi India, na waganga wa Kenya na Tanzania wanaijua kwa matumizi yao wenyewe. Lakini kemia yake hubadilika kwa eneo. Tangu miaka ya 1960 watafiti wameonyesha kwamba mimea ya Israel, India na Afrika Kusini ina withanolidi tofauti ingawa ukiitazama kwa macho inafanana. Matokeo ya Hyderabad ni ya mzizi uliolimwa India na kukolezwa kiwandani. Huwezi kuyahamishia kwenye mzizi wa kando ya barabara.

Kama mganga unayemwamini anautumia, muulize anautumia kwa nini na kwa nani hampi. Swali hilo la pili ndilo linalomtofautisha mjuzi na mbabaishaji.

Nitumie kwa muda gani?

Majaribio mengi yaliishia wiki 8 hadi 12. Ukifika miezi mitatu uko nje ya kilichopimwa vizuri. Ushauri wangu: ukiamua kujaribu, weka tarehe ya kuacha kabla hujaanza. Kama baada ya wiki 8 huoni tofauti, hela yako ina kazi nyingine.

Kuna makopo yameandikwa "Adrenal Support" yenye ashwagandha na vitu vingine. Ni bora zaidi?

Hayo ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima virutubisho 12 vya aina hiyo vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Vyote 12 vilikuwa na homoni ya thairoidi, T3, na vingi vilikuwa na angalau homoni moja ya steroidi, kundi ambalo kortisoli nayo imo. Hazikuwa zimeandikwa kwenye lebo.

Fikiria maana yake. Mtu anameza, anasikia nguvu, anasifu mimea. Kumbe ni homoni. Akiendelea, steroidi inaweza kuuambia ubongo wake usitume ACTH, na adrenali zikalala kweli. Hata ukiamua kutumia ashwagandha, tumia yenye kiungo kimoja.

## Usalama

Nimesikia inaharibu ini. Ni kweli?

Ni nadra, lakini ni kweli. Mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walieleza wagonjwa watano waliopata manjano na muwasho mkali wa mwili kati ya wiki 2 na 12 tangu waanze. Wote walipona ndani ya miezi michache baada ya kuacha. Mwaka 2023 India nako waliripoti wagonjwa wengine, na humo waliokuwa tayari na ugonjwa sugu wa ini walizidiwa sana, baadhi wakafariki.

Kwetu jambo hili lina uzito, kwa sababu homa ya ini aina ya B imeenea na wengi hawajapima. Pima kwanza, ni kipimo cha haraka. Ukianza kutumia kisha ukaona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, macho ya njano, mwili kuwasha usiku au kichefuchefu kisichoisha, acha siku hiyohiyo na uende hospitali.

Nani asiitumie kabisa?

Mjamzito, kwa sababu kuna tahadhari ya muda mrefu kwamba inaweza kusababisha mimba kuharibika, na anayenyonyesha. Mwenye ugonjwa wa ini. Mwenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi: jaribio la mwaka 2018 kwa watu 50 lilionyesha inapandisha homoni za thairoidi. Mwenye ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Mwenye saratani ya tezi dume inayochochewa na homoni. Anayetarajia upasuaji aache wiki mbili kabla na amwambie mtaalamu wa dawa ya usingizi ya upasuaji.

Watoto? Hapana.

Inagongana na dawa gani?

Dawa za usingizi na za kutuliza, kama diazepam, maana zitaongezeana usingizi. Dawa za kisukari na presha, maana inaweza kushusha zaidi. Dawa za thairoidi. Dawa za kupunguza kinga. Kama unatumia ARV au dawa za kifua kikuu, usianze bila kuongea na kliniki yako. Dawa za TB zenyewe huweza kuumiza ini, na zikichanganywa na kitu kingine kinachoweza kuliumiza, daktari hatajua amlaumu nani.

Mbona Denmark wameipiga marufuku na India wanaiuza?

Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023, ikifuata ripoti ya mwaka 2020 ya chuo kikuu chake cha ufundi, DTU, iliyohofia athari kwa thairoidi, homoni za uzazi na mimba. Serikali ya India ilipinga, ikisema ripoti ilichanganya mzizi na sehemu nyingine za mmea. Wote wana hoja. Denmark iliuliza kama kuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa kila mtu, mjamzito akiwemo, na haikukipata. India inautazama mzizi unaotolewa na mtaalamu kwa mtu mahususi. Anayejinunulia mtandaoni yuko karibu zaidi na hali wanayoihofia Wadenmark.

## Hali za pekee

Nitajuaje kama adrenali zangu ni wagonjwa kweli?

Ugonjwa wa adrenali kushindwa ulielezwa na Thomas Addison huko London mwaka 1855, na wagonjwa wengi wa mwanzo alioweka kwenye maandiko yake walikuwa na kifua kikuu kilichofika kwenye tezi. Leo Ulaya sababu kubwa ni kinga kushambulia tezi. Kwetu kifua kikuu bado ni cha kukumbukwa, na VVU pia.

Dalili zake ni uchovu unaozidi wiki hadi wiki, kukonda, kichefuchefu, kizunguzungu ukisimama, na hamu ya chumvi isiyo ya kawaida. Ngozi huwa nyeusi zaidi. Kwa mtu mweusi hilo linapita bila kuonekana, kwa hiyo tazama mistari ya viganja, fizi, ulimi na makovu mapya. Fungua kiganja kwenye mwanga wa dirisha na ukilinganishe na cha ndugu yako. Mistari iliyotiwa weusi ambao haukuwepo mwaka jana, pamoja na kukonda, ni sababu ya kwenda hospitali wiki hii.

Kipimo cha kwanza ni kortisoli ya damu saa mbili asubuhi. Kikitia shaka, hufuata kipimo cha Synacthen: unachomwa mikrogramu 250 za ACTH ya maabara, kisha kortisoli hupimwa tena baada ya dakika 30 au 60 kuona kama tezi zimeitika. Mwambie daktari kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwani hupandisha namba bila tezi kuwa bora. Ukifanya kazi usiku, mwambie na hilo.

Nimeshaambiwa nina ugonjwa wa Addison. Ashwagandha itanisaidia kupunguza vidonge?

Hapana. Nakuomba usijaribu. Mwili wako hautengenezi kortisoli, na hakuna mzizi unaoiweka humo. Hydrocortisone, au prednisolone pale ambapo hydrocortisone ya vidonge haipatikani, ndiyo kortisoli yako. Ukiiacha kisha ukapata malaria au kuhara, unaweza kuanguka kwa presha na kufa ndani ya saa chache. Anayezidiwa hivyo huhitaji sindano ya hydrocortisone miligramu 100 na dripu upesi, na ndugu zako wa nyumbani walijue hilo.

Ukianzishiwa dawa za TB, mkumbushe daktari. Rifampicin, mojawapo ya dawa hizo, huiondoa hydrocortisone mwilini haraka na kiwango chako huenda kikapandishwa.

Nimetumia prednisolone, au mkorogo, kwa muda mrefu. Sasa sina nguvu. Niamshe tezi kwa ashwagandha?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe zaidi, kwa sababu hapa adrenali huwa zimelala kweli. Prednisolone au dexamethasone, dawa za steroidi zinazofanya kazi kama kortisoli, ikitumika zaidi ya wiki tatu au nne huuzoesha ubongo kwamba kortisoli ipo, unaacha kutuma ACTH, na tezi zinasinyaa. Ni vilevile kwa krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi ya clobetasol zinazopakwa mwili mzima kwa miaka, na dawa za kunenepesha makalio na mapaja zinazouzwa kwa siri, nyingi zikiwa na dexamethasone. Baadhi ya "dawa za mitishamba za maumivu" nazo hukutwa na steroidi ndani.

Ukiacha ghafla unabaki bila kortisoli ya kutosha. Dawa yake ni kupunguza polepole chini ya daktari, wakati mwingine kwa miezi, huku ukipimwa. Kuongeza ashwagandha, ambayo inashusha kortisoli, ni kwenda kinyume. Usione aibu kumwambia daktari kuhusu mkorogo. Bila kulijua hilo, atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

Ashwagandha yenyewe inaweza kuzizima adrenali?

Kuna kisa kilichochapishwa na madaktari Uingereza mwaka 2022: mwanaume aliyekuwa akiitumia kwa wiki kadhaa alikutwa na tezi zisizoitika vizuri, na alipoacha zikarejea. Kisa kimoja hakithibitishi, ila kinaenda sambamba na yale majaribio ya kushusha kortisoli. Ukiwa unaitumia na uchovu unazidi badala ya kupungua, usiongeze kapsuli.

Kuna mmea wowote unaogusa homoni za adrenali kwa uhakika?

Upo: mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irk-sus, *Glycyrrhiza glabra*. Miaka ya 1940 daktari F. E. Revers wa Uholanzi aliutumia kwa vidonda vya tumbo akaona wagonjwa wanavimba. Baadaye ilieleweka kwamba unazuia kimeng'enya kinachoivunja kortisoli kwenye figo, hivyo chumvi na maji hubaki mwilini, potasiamu hushuka na presha hupanda. Uliwahi hata kujaribiwa kwa wagonjwa wa Addison. Sasa tuna dawa zinazopimika, na mwenye presha anapaswa kuuepuka, pamoja na vinywaji vyake vya Ramadhani.

Nafunga Ramadhani. Niimeze lini?

Baada ya futari au usiku, pamoja na chakula. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, na kwa kuwa inaleta usingizi, usiku unafaa. Mwenye Addison suala lake ni kufunga kwenyewe, na azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Nimeitumia karibu mwaka mzima na najisikia vizuri. Niache?

Ningekushauri uache, upime, ndipo uamue. Hakuna ulazima wa kupunguza kidogo kidogo kama kopo lako kweli lina ashwagandha tu. Kama ni la mchanganyiko wa "Adrenal Support", usiache ghafla kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu ya ile hatari ya steroidi iliyofichwa. Omba vipimo vya ini, TSH ya thairoidi, na kortisoli ya saa mbili asubuhi. Ukilala vizuri wiki nne baada ya kuacha na vipimo viko sawa, huihitaji tena.